Kichwa cha Dawa Hakiguswi na Chuma

Mwaka ule sukari ilikuwa ya foleni, na binti yangu alikuwa anaipikia majani.

Sikuhadithiwa, niliona mwenyewe. Nilimpelekea chakula cha mchana kazini kwake, kwenye kituo cha utafiti nje kidogo ya mji wa Shinyanga, nikamkuta anapima sukari nyeupe kwenye kimizani kidogo cha shaba na kuimimina kwenye sufuria ya maji. Nyumbani wadogo zake walikuwa wanakunywa uji wa chumvi.

"Hiyo ya nani?"

"Chakula cha mimea, mama."

"Mimea inakula udongo."

"Hii haina udongo. Inakaa kwenye chupa."

"Na watoto wangu wakae wapi ili na wao waipate?"

Akarudi kwenye kimizani chake. Ndiyo tabia yake: ukimuuliza swali la haki, anageukia kazi. Kairithi kwa bibi yake.

Huyo bibi yake, mama yangu mzazi, ndiye aliyetuingiza kwenye mambo ya chupa bila mwenyewe kujua chupa ni nini. Aliishi kijijini, ukiiacha barabara ya Katoro kwenda Ushirombo ukaingia mashambani. Alikuwa mfumu, mganga, lakini si wa kupiga ramli. Yeye alikuwa wa kina mama tu, wale waliojifungua na maziwa hayashuki. Dawa yake ilikuwa kimmea kifupi kisichofika goti, majani yana manyoya, ukiyasugua yananuka kama limau lililopita kwenye moshi. Jina lake sitaliandika hapa. Jina la dawa linatajwa shambani, anayetoa na anayepokea wakiwa wameinama pamoja. Halitajwi kwenye karatasi.

Kilikuwa kinaota mahali pamoja tu tulipopajua, mgongoni mwa kilima chenye mawe meupe. Mawe yale ndiyo yaliyotuponza. Mtafuta dhahabu akiona jiwe jeupe, hapati usingizi. Walianza kuja wachache na sururu zao, baadaye kikawa kijiji cha maturubai. Wakatoboa maduara, ndivyo wanavyoyaita mashimo yao ya kushukia chini, na kila duara lilitapika kifusi juu ya majani. Mama alipopanda kilimani siku moja kutafuta dawa, alikuta kilima kimegeuzwa utumbo nje. Akabaki na shina moja tu, alilokuwa amelihamishia nyuma ya zizi lake zamani.

Sasa hapa nieleze, maana asiye wa kwetu hataona kwa nini nilikosa usingizi kwa ajili ya shina moja.

Kwetu bugota, yaani dawa, hairithishwi kwa mdomo. Mama hawezi kukukalisha kwenye kigoda akakwambia dawa ni ile pale, kachimbe. Mnakwenda wawili. Mnaweka ushanga mweupe kwenye udongo, ndiyo malipo ya mmea. Anayetoa anachimba mzizi upande wa mashariki, anayepokea upande wa magharibi, na shina linaachwa limesimama likiwa hai. Shina likifa kabla ya hapo, dawa haijapokewa. Utaijua, utaichemsha, lakini mkono wako utakuwa mkono mtupu. Na mama alikuwa hajampa mtu. Alikuwa ananingoja mimi niache soko. Nilikuwa nauza karanga na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, pale Kambarage mjini, na kila mwaka nilisema mwakani.

Halafu miguu yake ikaanza kuvimba. Dereva wa lori la pamba aliniletea salamu sokoni, akazisema kama alivyotumwa, huku anatafuna karanga zangu: "Mama yako anasema dawa imebaki mguu mmoja, na yeye amebaki mguu mmoja. Na shina linaliwa na mchwa."

Siku hiyo nilirudisha watu chenji mara mbili mbili. Sikuwa na hamu ya uganga, nisiseme uongo. Lakini binti yangu huyo huyo wa sukari, nilipomzaa, alinyonya kifua kikavu mpaka sauti ikamwisha. Mama alikuja na mizizi yake, akachemsha, nikanywa, mtoto akapona. Nilikuwa nimekunywa kutoka kwenye mkono ule. Ningeuacha uende kaburini umefumba?

Nikamwambia binti yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akasema, "Tuoteshe kwenye chupa."

Mkubwa wake wa kazi alikuwa amefungua chumba kidogo cha kuzalishia mbegu safi za viazi vitamu. Wanachukua kipande cha mmea kidogo kama punje ya mchele, wanakisafisha mpaka kisiwe na uchafu wowote, wanakiweka kwenye chupa ya jemu yenye uji mzito wa sukari na mwani. Humo kinakua. Mkubwa akamruhusu atumie kona ya rafu moja, kwa sharti kwamba viazi visisumbuliwe.

Nikatuma salamu kwa dereva yule yule: mama atume mmea. Lori lilivyorudi, nikapokea kifurushi cha kitambaa cheusi, nikakimbia nacho kituoni. Binti yangu akakifungua, akashika kichwa.

"Mama, bibi katuma dawa ya kuchemsha!"

Ilikuwa mizizi. Mizuri, mirefu, imechimbwa mashariki na magharibi kama sheria inavyotaka. Nikamwambia hiyo ndiyo dawa, alitaka nini kingine? Akasema mzizi ule hauna jicho, na kwenye chupa yeye anahitaji ncha, kichwa cha mmea, pale majani machanga yanapochomoza. Akajaribu hata hivyo, ili nisimsumbue. Baada ya siku chache chupa zote zilikuwa zimeota ukungu mweupe kama ugali uliosahaulika.

Basi tukapanda lori mimi na yeye, tukapita Kahama, tukapita Ushirombo, vumbi mpaka kwenye meno. Tulimkuta mama amekaa mlangoni juu ya ngozi ya ng'ombe, miguu kainyoosha, imejaa kama mito. Alipomwona mjukuu wake akacheka.

"Mke mwenzangu kaja! Umeniletea nini cha mjini? Hata sukari huna?"

"Sukari nimewapa majani, bibi."

"Ndiyo maana umekonda. Majani yanakula, wewe unatazama."

Utani ukaisha pale binti yangu alipotaja kichwa. Mama akachukua ugoro wake, akanusa, akafuta pua.

"Kichwa cha dawa hakikatwi."

"Bibi, hata muhogo unakata shina, unapanda."

"Muhogo ni chakula. Muhogo hauna mwenyewe. Hii ukiikata kichwa, umekikata cha mwenye dawa."

"Lakini mchwa wanaila kutoka chini. Isipokatwa itakufa nzima nzima."

"Itakufa na kichwa chake."

Nikaona tutarudi mikono mitupu. Mimi si mtu wa kubembeleza. Nikamwambia, "Mama, uliniita nije kupokea. Nimekuja. Nitapokea nini, mchwa?"

Akafunga ugoro wake. Halafu akasema tumnyanyue. Tukamshika huku na huku mpaka nyuma ya zizi. Shina lilikuwa pale, majani ya chini yamekauka, upande mmoja wote ni udongo wa mchwa. Binti yangu akatoa kisu chake kidogo kilichofungwa kwenye karatasi, kinang'aa. Mama akakipiga mkono kikaanguka.

"Chuma, hapana."

Akainama yeye mwenyewe. Akasema maneno yake kwa sauti ya chini, akaweka ushanga, kisha akanyonyoa vile vichwa kwa kucha zake, kucha nyeusi za ugoro, kimoja baada ya kingine, anaviweka kwenye kiganja cha mjukuu wake. Binti yangu aliona zile kucha, akafumba macho kama mtu anayechomwa sindano.

"Nini?" mama akauliza.

"Hakuna kitu, bibi. Wabeja, asante sana."

Kule maabara aliviosha vile vichwa kwa dawa ile inayong'arisha nguo nyeupe, akarudia, akarudia, ananung'unika peke yake kuhusu ugoro. Vingi viliungua vikawa rangi ya chai. Kimoja tu kilibaki kijani.

Hapo ndipo nilipoanza kwenda kituoni kila siku. Nilisema napeleka chakula. Mlinzi alikuwa akiniona kwa mbali anafungua geti bila kuuliza, na karanga zangu sokoni nikamwachia jirani auze. Nikikaa nyumbani mikono ilikuwa inatafuta kitu cha kuvunja. Nikikaa kituoni niliambiwa nisiguse, nisihemee chupa, nisimame nje ya mlango. Nikasimama nje ya mlango.

Binti yangu akanieleza yale mambo kupitia dirisha la wavu.

"Kuna dawa mbili, mama. Tunaziita homoni. Moja inauambia mmea: chipua. Nyingine inauambia: shusha mizizi. Mmea wenyewe unazo ndani yake, sisi tunaongeza au tunapunguza."

"Mkizidisha?"

"Ya kuchipua ikizidi, unapata kichaka kisicho na miguu. Ya mizizi ikizidi, unapata nundu tu."

"Na kipimo mnakijuaje?"

"Kwa viazi tunakijua. Kwa hii hatujui. Tunajaribu."

"Mnajaribu kwa dawa ya mama yangu?"

"Tujaribu kwa ya nani?"

Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Kile kichwa kimoja kikaanza kutoa wenzake. Akakigawa kwa kisu chake, na hapo nilisimama nikasema chuma hapana, akasema, "Mama, bibi hayupo hapa," nikakaa. Akaweka vipande kwenye chupa nyingine. Ndipo ile dawa ya kuchipua ikaisha. Ilikuwa unga unaotoka ng'ambo, na fedha za kigeni nchi haikuwa nazo hata za kununulia dizeli, sembuse unga wa kuchipuza majani. Mkubwa wake akasema yapo maji yanayoweza kushika nafasi yake, nayo ni maji ya nazi. Mtoto wa mnazi analelewa na maji yale humo ndani ya kifuu, akasema, kwa hiyo amri ya kuchipua imo.

Nazi Shinyanga! Hapa penye vumbi na mbuga! Lakini jirani yangu pale Kambarage alikuwa mtu wa Tanga, mumewe mfanyabiashara wa kupanda treni, na nyumbani kwake nazi hazikukosekana. Nikamgongea.

"Shoga," akasema, "mmemaliza sukari, sasa mnataka nazi? Hayo majani yenu yanaolewa lini, tujue mchango?"

"Nataka maji tu. Nyama kaa nayo."

"Na wali wangu?"

"Wali unaungwa kwa nyama ya nazi. Maji si unamwaga?"

"Namwaga, lakini namwaga mwenyewe." Akacheka, akaniita ndani. Tangu siku ile kila akivunja nazi aliyakinga maji kwenye kikombe, akaniita juu ya ua, "Mama wa majani, chukua maziwa ya mtoto wako!" Nikayabeba mpaka kituoni kabla hayajachacha, nimefunika kikombe kwa kanga, natembea kwenye jua kama mwizi.

Yakafanya kazi. Chupa zilijaa. Vikawa vichaka vidogo vya kijani, laini, vinang'aa kama vimepakwa mafuta. Na hakuna hata kimoja kilichokuwa na mzizi.

Wiki hiyo dereva akaniletea salamu nyingine. Lile shina nyuma ya zizi limeanguka. Mchwa wamelimaliza. Na mama amesema, nami nanukuu alivyonukuu dereva, "Nilisema."

Kwa hiyo dunia nzima, kwa tulivyojua sisi, dawa ile ilikuwa imebaki kwenye rafu moja, ndani ya chupa za jemu, haina miguu.

Nikamwendea binti yangu. "Mpe hiyo ya mizizi."

"Nampa, mama."

"Mpe ya kutosha."

Akampa ya kutosha. Zikatoka nundu. Chini ya kila mche, donge la njano lililovimba kama ukoko wa ugali uliolowana. Nilipoliona nilikumbuka miguu ya mama, nikatoka nje nikakaa juu ya jiwe. Akanifuata. Akakaa chini kando yangu, kiburi kimemwisha.

"Nimezidisha," akasema.

"Punguza."

"Nikipunguza sana haisikii."

"Punguza hivyo hivyo."

Akapunguza. Akatoa na yale maji ya nazi kabisa, akasema mmea ukiendelea kusikia chipua, chipua, hautasikia neno jingine. Akapunguza hata sukari, na hilo nililipokea kwa moyo mweupe. Kisha tukangoja. Nilikuwa nafika kabla hata mlinzi hajanywa chai.

"Mama, mizizi haitoki kwa kutazamwa."

"Nani anatazama mizizi? Nangoja bakuli langu."

Umeme ukikatika, nilikuwa nawaza joto la chumba kile. Lori la pamba likipiga honi barabarani, nilikuwa nasimama, nikidhani ni salamu za msiba. Jirani yangu wa Tanga akaniambia nimekuwa kama kuku anayetaka kutaga na hajui wapi.

Asubuhi moja binti yangu hakuniambia nisimame nje. Alitoka na chupa mkononi, akaniinulia chini yake nitazame. Kwenye ule uji, mzizi. Mweupe, mwembamba kuliko uzi wa kushonea, umeshuka na kupinda. Na mwingine pembeni. Nilikwenda nyumbani kufunga mzigo.

"Unakwenda wapi na nini?" akaniuliza jioni.

"Kwa mama. Na chupa."

"Mama, hivyo vimezaliwa kwenye mvuke. Havijui upepo wala jua. Vinatakiwa vizoeshwe taratibu hapa kivulini, ndipo vihame. Ukivipeleka sasa vitanyauka."

"Na bibi yako nikimwacha sasa?"

Tukanuniana mpaka chakula kikapoa. Hakuna aliyekuwa na kosa, ndiyo maana ilikuwa ngumu. Mwisho akasema nusu ya chupa zitabaki kituoni zizoee taratibu, nusu tutakwenda nazo, na yeye atakuja kuzifungua mwenyewe.

Tukazipanga kwenye kikapu katikati ya pamba. Tulipobadili gari Ushirombo, vijana wa machimbo, wekundu kwa udongo, wakachungulia kikapuni.

"Mama, hiyo dawa ya kuvuta dhahabu?"

"Ya kuvuta maziwa. Unataka kunyonyesha?"

Wenzake walicheka mpaka akatupisha njia.

Mama alikuwa hatoki nje tena. Tukamweka kwenye ngozi yake mlangoni. Binti yangu akaosha ule uji kwenye mizizi, akapanda miche kwenye kivuli cha ukuta, akafunika kila mmoja kwa chungu, akaeleza: chungu kiinuliwe kidogo leo, kesho zaidi. Mama akadai ushanga. Ushanga kwa kila mmoja.

"Bibi, wote ni mmoja. Wametoka kichwa kimoja."

"Mapacha nao wametoka tumbo moja. Kila mmoja anataka ushanga wake."

Mama akalipa mwenyewe, mche kwa mche. Kisha akaniambia nimpe jani. Akalisugua, akanusa, akanirudishia.

"Halina harufu."

Binti yangu akasema harufu itakuja mmea ukipigwa na jua. Mama akasema, "Basi tutangoja jua. Siwezi kukupa kitu kisichonuka."

Nilitaka kupiga kelele. Miguu ilikuwa imevimba mpaka mapajani, pumzi inakatika kwenye maneno, na anangoja harufu! Lakini alingoja kweli. Kila asubuhi tulimtoa, akakaa kando ya vile vyungu, anaviinua kwa fimbo, anavishusha, jua likihama anaagiza tumhamishe na yeye, kivuli cha kanga yake kiangukie miche. Mingi ilinyauka. Kila iliponyauka alisema, "Huyo kakataa," akatazama mwingine. Uliobaki ukatoa majani magumu, yana manyoya.

Siku aliyoniita nilikuwa natwanga. Alikuwa ameinua vidole vyake puani, amefumba macho. Akaninusisha. Limau na moshi.

Tukainama, yaani mimi niliinama, yeye tulimlaza ubavu. Akachimba mashariki kwa kucha. Nikachimba magharibi. Mzizi nilioupata ulikuwa mdogo hata aibu, lakini ulikuwa mzizi, na shina lilibaki limesimama. Akanitajia jina. Halafu akaongeza sheria ambayo yeye hakupewa na mama yake, akaisema mbele ya mjukuu wake ili asikie: "Kichwa kikatwe, ikibidi. Lakini kwa kucha." Binti yangu akainamisha uso, kwa sababu habari za kile kisu chake tulikuwa hatujamwambia bibi yake.

Mama hakuuona msimu wa pamba uliofuata.

Miche iliyobaki kituoni ilizoea, ikahamia nyuma ya nyumba yangu, na kina mama wa Kambarage, na wa mbali mpaka Segese, wamekunywa kutoka hapo. Mimi kusoma kwangu ni kisomo cha watu wazima, kwa hiyo naandika polepole, na ninaandika sasa kwa sababu miguu yangu na yenyewe imeanza kujaa jioni. Binti yangu nimemwita. Anasema kuna haraka gani, dawa anayo salama kwenye chupa. Nimemtumia salamu kwamba ndani ya chupa hakuna mashariki wala magharibi, aje. Bado namngoja. Asubuhi nikiamka, kabla ya kunawa, naenda nyuma ya nyumba kusugua jani.